Mtoto Aliyevuka Ziwa Mgongoni

Wiki jana tulimwacha Wakili Nikodemu Bonaventura akizima gari mbele ya nyumba ya mama yake, Ilagala, mikono yote miwili bado iko kwenye usukani, hana nguvu ya kushuka.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti, mambo yalikuwa yamefika hapa. Nikodemu ndiye yule wakili ambaye Kigoma nzima ilimjua kwa kuwatetea watu walioambiwa si raia. Alikuwa na ofisi yake Mwanga, nyumba Buzebazeba, na jina zuri kuanzia Ujiji hadi Manyovu. Kisha siasa ikamwita, akaitika. Chama kikampitisha agombee ubunge.

Hapo ndipo Pastory alipojitokeza. Pastory huyo alikuwa kijana wake mwenyewe, aliyemfundisha kazi ofisini, akamshika mkono mpaka naye akawa wakili. Sasa amesimamishwa na chama kingine kwenye jimbo hilo hilo, na amemwekea mwalimu wake pingamizi: kwamba Nikodemu si Mtanzania, kwamba alizaliwa ng'ambo ya ziwa, akaletwa Ujiji mgongoni mwa mama yake mwaka wa sabini na mbili, Burundi ilipokuwa inawaka moto.

Pingamizi lilikuwa lisikilizwe kesho yake asubuhi. Na Nikodemu, aliyewauliza watu maswali maisha yake yote, kulikuwa na swali moja ambalo hakuwahi kumuuliza mama yake.

Alishuka kwenye gari.

Mama Leonia alikuwa nyuma ya nyumba, anachemsha mawese. Mvuke ulikuwa umemfunika uso, kitambaa cha kichwa kimelowa jasho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Hukusema unakuja. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Uso wako kama wa mtu aliyefiwa."

Nikodemu alivuta kigoda akaketi. Alizunguka na salamu, akauliza habari za michikichi, akauliza habari za mguu unaomsumbua. Mwishowe akaona anajichosha.

"Mama, nilizaliwa wapi?"

Mama Leonia hakugeuka. Aliendelea kuengua mafuta, taratibu.

"Nani amekutuma uniulize?"

"Pastory."

"Pastory huyu aliyekuwa anakuja kula ugali wa muhogo na samaki wa migebuka hapa kwangu?"

"Huyo huyo."

"Na wewe siku zote ulijua ulizaliwa wapi?"

"Buzebazeba. Ndivyo wewe na baba mlivyoniambia."

"Basi si unalo jibu?"

"Mama, wana shahidi. Mzee Bonifasi wa Ujiji. Atasema alikuona ukishuka kwenye mtumbwi, una mtoto mgongoni."

Mkono wa mama ulisimama juu ya sufuria.

"Bonifasi bado yu hai?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nikodemu alitegemea mama aseme huyo mzee ni mzushi, anatumika. Hakusema hivyo. Aliuliza kama yu hai.

Basi wakili akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu avae joho. Alianza kumlisha shahidi maneno.

"Nisikilize, mama. Kesho utasema wewe ni Muha wa Kasulu. Wazazi wako walikufa ukiwa mdogo, ukalelewa na shangazi. Hukuvuka ziwa lolote. Kiha unakisema vizuri, hakuna atakayekushika."

Mama Leonia alifunika sufuria, akajifuta mikono, akamtazama.

"Nilikusikia redioni," alisema.

"Nikiwa wapi?"

"Mkutano wako wa Ujiji. Ulisema aliyeingia nchi hii kwa mlango wa nyuma atoke kwa mlango huo huo. Watu wakapiga makofi. Jirani akaniongezea sauti, alidhani ananifurahisha."

"Mama, ile ilikuwa siasa. Walikuwa wananiita Mrundi, ikabidi nijibu."

"Najua, baba. Mimi nilikuwa hapa hapa, nakoroga mafuta, nikawa najiuliza: huo mlango wa nyuma ni upi? Mimi nilipita majini."

Nikodemu aliinamisha kichwa.

"Nitakuja kesho," mama alisema. "Lakini habari za Kasulu sizisemi. Nitasema ya kwangu."

"Utasema nini?"

"Kitakachokufaa. Ngoja nikupakulie."

*

Ukumbi ulifurika mpaka watu wakasimama madirishani. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa bwana mmoja mpole, mzaliwa wa Singida, aliyeletwa Kigoma kikazi. Aliomba utulivu mara mbili tatu, kisha akampa Pastory nafasi.

Pastory alisimama, akamwinamia Nikodemu kidogo.

"Kabla sijaanza, namwomba radhi mwalimu wangu. Kila nitakachosema leo nimejifunza kwake."

Watu wakacheka. Nikodemu hakucheka.

Mzee Bonifasi aliitwa. Alikuja akijikokota, akaapa, akasema yake bila kupambwa. Alikuwa kijana wakati ule, anashusha mizigo ufukweni Ujiji. Mitumbwi ilikuwa inafika imejaa watu waliolowa, wengine wana majeraha ya panga. Akamwona msichana amesimama ndani ya mtumbwi, anaogopa kushuka, ana kichanga mgongoni.

"Nikampa mkono, akashuka. Nikampa mihogo miwili ya kuchemsha niliyokuwa nayo. Baadaye nikasikia ameolewa na Bonaventura, yule fundi wa reli. Nikawa namwona mtoto anakua. Ndiye yule pale." Mzee akamnyooshea Nikodemu kidole, na machozi yakamtoka. "Sina ugomvi naye jamani. Alimtetea hata mpwa wangu. Nimeulizwa nilichokiona."

Nikodemu alisimama kumhoji. Mashahidi wangapi amewavuruga huyu bwana, mpaka wakasahau majina yao?

"Mzee Bonifasi, ni zaidi ya miaka hamsini. Watu walikuwa wengi. Utajuaje kama ndiye huyu mama?"

"Baba," mzee alijibu, "mtu aliyelia vile, humsahau."

Nikodemu akaketi. Nyuma yake alimsikia mkewe, Edina, akivuta pumzi kwa nguvu.

Ndipo akaitwa Leonia.

Alipita katikati ya ukumbi amejifunga kanga mpya, hamtazami mtu. Akashika Biblia, akaapa. Msimamizi akamtaka ajitambulishe.

"Jina langu Leonia. Mimi ni Mrundi."

Ukumbi ulilipuka. Wafuasi wa Pastory waliruka juu ya viti, wa Nikodemu wakashika vichwa. Nikodemu alifumba macho. Alijua kwamba kila alichokijenga kimebomoka kwa maneno hayo machache.

Kelele zilipotulia, mama aliendelea, kwa sauti ile ile.

"Bonifasi hakudanganya. Nilishuka Ujiji na mtoto mgongoni. Na ile mihogo, Bonifasi, sikuwahi kukushukuru. Ahsante."

Pastory alikuwa ameshasimama, uso umemchanua. "Kwa hiyo, mama, unakubali mbele ya msimamizi kwamba yule mtoto wa mgongoni..."

"Alikufa."

Waliokuwa wameruka juu ya viti wakaanza kuketi.

"Alikufaje?" Pastory aliuliza, sauti imepungua.

"Alikuwa na homa tangu majini. Alikuwa hajabatizwa, mimi nilikuwa namwita Nzeyimana. Tulipofika Ujiji hakukaa. Nilimzika na wanawake nisiowajua hata kwa majina. Nilikuwa mgeni, sikushika vizuri mahali penyewe. Niliporudi kupatafuta, nikakuta watu wamejenga."

Msimamizi akataka apewe maji, akayakataa.

"Nikabaki na maziwa. Kifua kinauma, sina wa kumnyonyesha. Na Bonaventura wa reli alikuwa anazunguka Buzebazeba na kichanga mkononi, mkewe amefia uzazini. Huyo mkewe aliitwa Winfrida, Muha wa Kasulu. Wanawake wakaniambia, wewe una maziwa na huna mtoto, yule ana mtoto na hana maziwa, nenda. Nikaenda. Nikamnyonyesha mtoto wa watu. Baba yake akanioa baadaye."

Aliinua mkono akamwonyesha Nikodemu, lakini macho aliyapeleka ukutani.

"Mtoto ndiye huyu. Baba yake Mtanzania, mama yake Mtanzania. Si wangu. Mimi nilimlea tu."

Ndugu msomaji, Nikodemu alilijua kaburi la Winfrida. Lilikuwa na msalaba wa chuma ambao baba yake aliuchomelea mwenyewe. Tangu utotoni alipelekwa kulipalilia, akaambiwa hapa amelala mke wa kwanza wa baba. Hakuna aliyewahi kumwambia alikufa kwa ugonjwa gani, naye hakuuliza.

Sasa alikuwa amekaa pale kama mtu aliyepigwa rungu. Huyu mama anasema kweli? Au ameamua kumuua mwanawe kwa mdomo wake, mbele ya umati, ili mwanawe huyo apone?

Pastory alikuwa ameona pingamizi linamponyoka. Lakini yule kijana alifundishwa na fundi.

"Mheshimiwa msimamizi, naomba wakili msomi mwenyewe aulizwe. Anakubali kwamba huyu si mama yake?"

Msimamizi akamgeukia. "Ndugu mgombea, umeusikia ushahidi wa shahidi wako. Unaukubali?"

Nikodemu alisimama. Akafunga kifungo cha koti, akakifungua tena.

"Baba Diana, jibu," Edina alimnong'oneza kwa nyuma. "Jibu jamani."

Kwa mara ya kwanza siku ile, Mama Leonia alimtazama. Lilikuwa jicho lile lile la zamani, alilokuwa akimtazama nalo anapompa dawa chungu: meza, usiteme.

"Nakubali," Nikodemu alisema.

"Sauti, tafadhali."

"Nakubali. Si mama yangu mzazi."

Pingamizi likatupwa palepale.

Vigelegele! Vijana wakamnyanyua Nikodemu mabegani, wakamtoa nje wakiimba. Na huko juu mabegani mwa watu ndiko alikoiona ile kanga mpya, inatokea mlango wa pembeni, peke yake, inakwenda zake.

"Mama!" aliita.

Wimbo ukamfunika. Hakuna aliyemsikia.

*

Alimfuata Ilagala kesho yake. Alimkuta anaanika nguo.

"Mama, niambie ukweli."

"Umeukubali mbele ya watu. Leo unauliza nini tena?"

"Niambie mimi peke yangu. Sitamwambia hata Edina."

"Niko, mwanasiasa hana kifua. Ukilijua, ipo siku utalisema." Alichukua nguo nyingine, akaikung'uta. "Na tangu leo, tukiwa mbele za watu, usiniite mama. Niite Bibi Leonia kama wengine wanavyoniita. Wanatusikiliza."

"Unaniadhibu kwa ajili ya yale ya redioni?"

"Mawe!" alimaka kwa Kiha. "Nani amekuadhibu?" Aliiacha nguo, akamshika shavu kwa mkono uliolowa. "Nimekupa ulichokuja kuomba. Ulidhani kitakuwa bure?"

Nikodemu alirudi mjini akilia ndani ya gari, mwanamume mzima mwenye mvi, vioo vimepandishwa.

Lakini msiba haujafika. Ulikuwa njiani.

Maneno ya ukumbini hayakuishia ukumbini. Leonia alikuwa amesema kwa kiapo kwamba alivuka mpaka. Wenzake waliovuka mwaka ule waliandikishwa makambini, na baadaye wengi wao wakapewa uraia. Yeye hakuwahi kuandikishwa popote, maana alikuwa mke wa mtu, nani angemkumbuka? Mumewe alipokufa, alibaki na michikichi yake na mtoto wake. Na sasa huyo mtoto si wake.

Maafisa wawili wa uhamiaji wakaenda kumchukua. Walimchukua kwa heshima, hilo lisemwe, hata begi walimbebea. Wakamwambia atakaa mjini wakati taratibu zinafanyika, na mwisho wa wiki atapandishwa boti arudishwe kwao.

Habari zilimkuta Nikodemu mezani, anapata kifungua kinywa. Alisukuma sahani.

"Unakwenda wapi?" Edina aliuliza.

"Kumtoa mama yangu."

"Kaa kwanza. Utamtoa kwa hoja gani?"

Aliketi. Hapo ndipo mtego wote ulipomfungukia machoni.

Hoja aliijua. Aliitunga mwenyewe. Miaka ya nyuma alimtetea bibi mmoja wa Manyovu aliyekuwa karibu kurudishwa ng'ambo, akasimama akasema: huyu amezaa raia wa nchi hii, amemlea, anamtegemea, mama hatenganishwi na mwanawe kwa sababu ya mstari uliochorwa kilimani. Bibi akabaki. Baada yake wakabaki wengine wengi kwa hoja hiyo hiyo, na ndiyo iliyompa Nikodemu jina, na jina ndilo lililompa nafasi ya kugombea ubunge huu.

Kumwokoa Leonia kulihitaji mtoto raia. Mtoto alikuwa mmoja tu, naye ameshasema mbele ya umati kwamba si mama yake.

"Nikisema ni mama yangu, ya ukumbini yanakuwa uongo," alisema polepole. "Pastory anakata rufaa siku hiyo hiyo. Mtoto wa mgongoni anafufuka, na mimi nakuwa ndiye."

"Unapoteza ubunge."

"Ubunge tu, Edina? Napoteza nchi."

Edina hakuwa mwanamke mbaya, msomaji wangu, usimhukumu. Alimpenda mkwewe. Lakini alikuwa pia na nyumba na binti.

"Baba Diana, yule mama amejitoa kwa ajili yako. Ukienda kuropoka huko, utakuwa umemwaga alichokupa, na yeye wanaweza kumvusha vile vile. Leo una mkutano Bangwe. Nenda kwenye mkutano. Tutatafuta wakili mwingine."

Akaenda Bangwe.

Uwanja ulijaa. Muziki, fulana, akina mama wanacheza. Akapewa kipaza sauti. Akasalimia, wakaitika. Akaanza na ahadi za maji, akaenda za barabara, akafika kwa akina mama wa mawese.

"Nawajua akina mama wa mawese," alisema. "Nimesomeshwa na mawese. Mama yangu..."

Akasimama.

Watu walidhani anatafuta neno. Wakangoja. Wapambe wakamwonyesha ishara aendelee. Nikodemu aliitazama ile halaiki, akaliona lile neno limening'inia hewani peke yake, halina mwenyewe. Akaweka kipaza sauti juu ya meza, akashuka jukwaani, akapenya katikati ya watu mpaka kwenye gari.

Edina alimkimbilia. Alikuta vumbi.

*

Mtu wa kwanza aliyemkuta kwenye ofisi ya uhamiaji alikuwa Pastory, amekaa kwenye benchi la nje, na mfuko wa mikate mapajani.

"Umekuja kushangilia?" Nikodemu aliuliza.

Pastory alisimama. Macho yalikuwa mekundu.

"Nimemletea chakula, mwalimu. Amekataa kukila. Amesema nikupe wewe." Alimnyooshea mfuko. "Nilikulenga wewe. Haki ya Mungu, huyu mama sikumlenga. Amenilisha yule."

"Nipishe."

"Mwalimu, ngoja. Najua unachokwenda kusema humo ndani. Ukikisema nikiwa nasikia, chama changu kitaniuliza, na mimi sitadanganya. Nitakitumia. Nakuomba tu, ngoja niondoke kwanza."

Nikodemu alimtazama yule kijana aliyemlea kikazi. Ajabu ya Mungu, hasira haikuja.

"Baki," alisema. "Nakisema mara moja tu."

Afisa aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa Tanga kwa lafudhi yake. Leonia alikuwa ameketi pembeni, begi lake dogo miguuni, mikono mapajani kama mtu anayesubiri ibada ianze. Alipomwona Nikodemu akitokea mlangoni, alitikisa kichwa: hapana.

"Karibu, mheshimiwa," afisa alisema. "Umekuja kama nani? Wakili wake?"

"Hapana. Mimi ni mwanawe."

Pastory, mlangoni, alifumba macho.

"Afisa," Leonia alidakia upesi, "huyu bwana namheshimu. Lakini si mwanangu. Nimeshaapa kwa Biblia."

"Mama!"

"Mimi si mama yako. Rudi Bangwe, watu wanakungoja juani."

"Umenizaa wewe. Ya ukumbini nilidanganya."

"Hukudanganya. Umejuaje kama umedanganya? Ulikuwepo?"

"Mama, watakuvusha! Huna mtu kule! Hata kijiji chenu hukijui tena!"

"Kwani huku nilikuja nikiwa na mtu?"

Nikodemu akapiga magoti, suti na yote, kwenye sakafu ya ofisi ya watu. Alimshika mikono. Ilikuwa na makovu ya mafuta ya moto, kovu juu ya kovu, ada za shule zote zimeandikwa humo. Akalilaza paji lake la uso juu yake, akalia kwa sauti, hajali nani anamwona.

Afisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Jamani, mnaniweka pagumu," alisema. "Mmoja anasema ndiyo, mwingine anasema hapana, na kila mmoja ameshikilia lake. Lakini hili siku hizi si la kuapiana. Kuna kipimo cha vinasaba. Wanachukua mate kidogo tu mdomoni, mwako na mwake. Kikionyesha ni mwanao, mama, safari ya boti inasimama na shauri lako linaanza upya."

"Na kikionyesha siye?" Pastory aliuliza kutoka mlangoni.

Afisa alimgeukia Nikodemu.

"Nakubali," Nikodemu alisema, machozi hayajamkauka. "Mwite mtaalamu aje sasa hivi."

Simu ikapigwa. Mtaalamu wa maabara akaja na kisanduku chake, akavaa glavu, akafungua pakiti, akatoa vijiti viwili vyembamba vyenye pamba nchani.

Leonia hakutetemeka ukumbini. Hakutetemeka siku waliyokuja kumchukua. Lakini alipoviona vile vijiti, alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akarudi nyuma mpaka kiti kikagonga ukuta.

"Hapana."

"Mama, ni mate tu. Hayaumi."

"Hapana, afisa, nakuomba. Nivusheni hata leo, naenda. Lakini msinipime."

Nikodemu, bado yuko chini, aliinua uso akamtazama machoni. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa hiyo: kumtazama mtu na kujua anaficha nini. Anaogopa nini huyu mama? Anaogopa kipimo kiseme ndiyo, mwanawe apoteze ubunge na nchi kwa mate yake? Au anaogopa kiseme hapana, na Nzeyimana awe kweli amelala chini ya nyumba ya mtu huko Ujiji?

Aliyasoma yale macho. Hayakumwambia kitu.

"Siwezi kukulazimisha, mama," afisa alisema taratibu. "Lakini mwenzio ameshakubali. Nakuuliza tena."

Leonia alishusha viganja. Hakumjibu afisa. Alimwinamia Nikodemu, akasema kwa sauti ambayo Pastory mlangoni aliisikia kwa shida:

"Niko, mimi mtoto ninaye mmoja tu, awe wa tumboni, awe wa kifuani. Hicho kijiti kikisema hapana, nitazikwa na nani?"

Mtaalamu alibaki amevishika vile vijiti.

Nikodemu alinyanyuka. Alinyoosha mkono, akakichukua kijiti kimoja kutoka kwa yule mtaalamu, akakishika kwa vidole vya mikono yote miwili. Mtu asingejua anataka kukitia mdomoni au kukivunja, na yeye mwenyewe, wakati ule, alikuwa hajui.